Unyevu Ndani ya Injini Isiyotembezwa
Nilipofungua kifuniko cha oili cha gari langu, ambalo kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiliwasha kwa dakika 5 tu na kulizima, nilikuta utando mzito wa rangi ya maziwa umeganda upande wa ndani. Petroli inapoungua huzaa mvuke wa maji, na sehemu yake hupenya kando ya ringi za pistoni (pete zinazoziba nafasi kati ya pistoni na silinda) hadi kwenye oili. Injini isipopata moto wa kutosha, mvuke huo hugeuka matone yanayobaki humo na kuchochea kutu. Kuwasha gari bila kuliendesha, kwa hiyo, huongeza maji badala ya kuyaondoa. Sasa naliendesha nusu saa nzima kila wiki, kwa kuwa oili huchelewa kupata moto hata mshale wa joto la maji ya rejeta ukishapanda. Utando ukirudi huku maji ya rejeta yakipungua, gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kinachozuia maji hayo yasiingie kwenye oili, ikaguliwe mara moja.