Picha mbili kwenye ukuta mmoja

Lubumbashi, Jumapili jioni.

Mvua imekatika na njia za Katuba ni matope. Kwenye ukuta wa kona, picha mbili za kampeni bado zimeng'ang'ania: bendera ya chama ileile, maneno yaleyale chini, ila uso mmoja umechunwa kwa kucha hadi saruji ikaonekana. Aliyeuchuna si mpinzani. Mpinzani angechuna zote mbili.

Vyama vyetu vya Kongo havina mchujo kama wa Marekani, ambako watu wa chama wanapiga kura kwanza wao kwa wao na hesabu inajulikana. Hapa majina yanapangwa Kinshasa, na mchujo unafanyika siku ileile ya uchaguzi, ndani ya listi, yaani orodha ya wagombea wa chama jimboni. Mpiga kura anachagua mtu mmoja, lakini kura yake inaingia kwanza katika kapu la listi. Tuchukue jimbo la viti 10 lenye kura halali 400,000. Bei ya kiti ni kura 40,000. Listi ya watu kumi ikikusanya 52,000 imenunua kiti kimoja, na zile 12,000 zinakwenda kwenye salio, ambako wenye salio kubwa ndio wanaogawana viti vilivyobaki. Zikikosa, basi. Kiti anapewa aliyeongoza ndani ya listi. Tuseme ana 9,000 na anayemfuata 8,700. Mtu huyo anapanda ndege kwenda Kinshasa juu ya kura 43,000 zilizotafutwa na wenzake tisa, na mmoja wao amekosa kwa 300 tu. Hapo ndipo kucha zinapoanza kuwasha.

Sheria ya uchaguzi ya 2022 ilizidisha moto. Chama kinatakiwa kiweke wagombea wa angalau asilimia 60 ya viti vinavyogombewa nchini, la sivyo listi zake hazipokelewi. Na kile kizingiti cha kupata viti, asilimia 1 ya kura zote za nchi, kilichokuwapo tangu uchaguzi wa 2018, kilibaki palepale. Basi wakubwa wanatafuta watu wa kujaza nafasi: mwalimu anayejulikana mtaani, mchungaji, mama mwenye jina sokoni. Wote wanaambiwa watapita. Wengi ni wapagazi wa kumbebea mwingine kura. Mpagazi aliyeambiwa ukweli tangu mwanzo, akakubali mzigo kwa bei inayoeleweka, hasumbui mtu. Yule aliyegundua usiku wa matokeo ndiye anayeondoka na mtaa mzima.

Bei yenyewe ipo, ila wengi wanaichezea. Kila mgombea ubunge anaandikisha mbadala wawili, sipleanti. Mbunge akiteuliwa waziri, mbadala anakaa kwenye kiti chake mpaka mwenyewe aondoke serikalini. Hicho ni kitu cha kweli cha kumpa mwenzako mwenye nguvu mtaani ambaye hakuingia kwenye listi. Lakini fungueni fomu muone: mke, mtoto, mdogo wake. Na majina hayo yanaingia CENI, tume ya uchaguzi, pamoja na ya mgombea, kwa hiyo anayengoja matokeo ndipo atafute maridhiano anakuta sahani tupu.

Mfano wa Kongo ulio karibu zaidi na mchujo ni ule wa Geneva. Tarehe 11 Novemba 2018 viongozi saba wa upinzani walimchagua Martin Fayulu awe mgombea wao mmoja. Kesho yake Félix Tshisekedi na Vital Kamerhe waliondoa saini zao, kwa sababu baze zao, wafuasi wa chini, zilikataa, na tarehe 23 wakafunga mapatano yao wenyewe Nairobi. Watu wanabishana hadi leo nani alimsaliti nani. Kwangu mimi kasoro ilikuwa mapema zaidi: watu saba chumbani hawawezi kumwonyesha kombatanti wa Limete, yule mkereketwa wa chama cha Tshisekedi kule Kinshasa, kwamba mtu wake amezidiwa. Hajamwona akihesabiwa. Kwa macho yake, ameibiwa tu.

Linganisha na Wademokrati wa Marekani mwaka 2008. Hillary Clinton alijitoa tarehe 7 Juni, na tarehe 27 akasimama na Barack Obama jukwaa moja katika mji mdogo unaoitwa Unity, New Hampshire, ambako Januari kila mmoja alikuwa amepata kura 107. Jina la mji lilikuwa la picha, najua. Kilichonivutia ni deni. Kampeni ya Clinton ilikuwa inadaiwa zaidi ya dola milioni 20. Obama akaandika hundi yake ya dola 2,300, kiwango cha juu ambacho sheria iliruhusu mtu mmoja, na akawaomba wachangiaji wake wakubwa wasaidie. Hundi ndogo mbele ya deni hilo, lakini aliyeshindwa alikuwa amehesabiwa mara mbili: kwa kura na kwa madeni.

Kwetu deni halina karatasi. Vijana wa kubandika picha, mwenye spika, watu wa pikipiki, na juu ya wote mashahidi. Shahidi anahitaji kitambulisho cha CENI kwa jina la chama, nauli, chakula cha kutwa, tochi, daftari na kalamu, maana kuhesabu kunaweza kwenda hadi usiku wa manane. Wagombea wa listi moja wanamtegemea shahidi mmoja, na yeye ana mgombea wake. Akishasikia kura za mtu wake anaandika, anafunga daftari, anarudi nyumbani. Fishi, ile karatasi ya matokeo ya kituo, inatiwa saini bila yeye. Kura za wenzake zikipotea katika majumlisho, chama hakina karatasi ya kupinga. Na kura za wenzake ndizo zilikuwa zinatimiza zile 40,000! Dawa ni kumlipa shahidi kutoka mfuko wa chama, nusu asubuhi na nusu akileta fishi kamili yenye wagombea wote. Akilipwa na mgombea, ni shahidi wa mgombea.

Baada ya matokeo mshindi anatuma salamu za shukrani kwa baze. Papa Prezida wa seli, tawi la chama mtaani, anazisoma kwa sauti, mamama wanapiga vigelegele, basi imeishia hapo. Wiki ya tatu mwenye nyumba anakuja kudai kodi ya permanensi, ofisi ya chama ya mtaa, ambayo muda wote huo ilikuwa inalipwa na yule aliyekosa kwa 300. Huyo sasa hapokei simu. Mwenye nyumba anaweka kufuli lake, na daftari la wanachama limo ndani.