Kumbukumbu ya mradi: mraba wa harusi wa Wawarli, hatua ya mistari

Ubao uko tayari. Udongo mwekundu niliouchekecha umeshika vizuri juu ya tabaka la samadi ya ng'ombe, hata nikipitisha kiganja haupukutiki. Wawarli, jamii ya asili ya India katika wilaya ya Palghar, kaskazini mwa Mumbai, huandaa hivyo kuta za nyumba zao harusi inapokaribia, ila wao hukandika ukuta wa fito.

Ukutani humo huchorwa chauk, mraba ambao bila huo ndoa haifungwi. Wachoraji ni suvasini, wanawake walioolewa na ambao waume zao wako hai. Ndani ya mraba hukaa Palaghata, mungu wa kike wa uzazi na mimea, amezungukwa na miti. Mraba mdogo wa pembeni ni wa Panchsiriya, mungu mwenye vichwa vitano.

Rangi ni moja tu, nyeupe. Mchele unalowekwa, unasagwa, kisha unachanganywa na maji na gundi ya mti. Mimi nimesaga kwa jiwe, maana blenda yangu huacha chenga. Mstari mbichi karibu hauonekani. Weupe hujitokeza ukikauka, kwa hiyo inabidi mkono ukumbuke ulikopita. Brashi ni kijiti cha mwanzi kilichotafunwa ncha mpaka nyuzi zikachambuka. Hubeba rangi kidogo mno, unachora kipande kifupi unachovya tena, na nadhani ndiyo sababu pindo za chauk zimejaa vistari vifupi vifupi vilivyopangwa kama ukili. Pindo la kwanza limekamilika na ninalipenda sana.

Wengi huijua sanaa hii kupitia Jivya Soma Mashe, mwanamume aliyeanza kuchora nje ya ibada miaka ya 1970, akapewa Padma Shri, nishani ya serikali ya India, mwaka 2011 na kufariki 2018. Alikuwa fundi mkubwa. Lakini mraba wa harusi ni kazi ya wanawake tangu zamani, na mimi najifunza kwao.

Kwa hiyo nimeamua: Palaghata sitamchora. Kwangu hakuna harusi, na kumchora ni kumwita, kazi ambayo ni ya suvasini. Katikati pabaki udongo mtupu. Wiki hii naendelea na pindo la pili, halafu miti, halafu wachezaji wa ngoma ya tarpa, inayochezwa kwa kufuata zumari yenye jina hilo, kila mmoja pembetatu mbili zilizokutana kiunoni.