Sikuja kutembezwa

Leo ni siku ya nne na bado namsikia shangazi. Hakupaza sauti wala hakukunja uso. Alikuwa ameegemea ukuta wa matofali mekundu, anapumzisha goti, akasema: "Mimi sikuja kutembezwa, mwanangu. Nimekuja kukutembelea."

Kutembezwa, kutembelea. Nikitoka zamu usiku navigeuza vitenzi hivi viwili kama mwanafunzi aliyeanguka sarufi. Anayetembezwa ni mtalii, au karanga kwenye sinia. Anayetembelewa sharti awe na mlango wa kubishwa.

Mengine ya wiki mtayasoma siku nyingine: mtihani wa mwaka wa pili nimefaulu, Juma amechumbia, wodi yetu imehamishiwa ghorofa ya nne.

Mpango mnaukumbuka. Shangazi yuko Denmark kwa dada Zuhura kwa mwezi mmoja, mimi niko Hamburg, Ujerumani, na mji wa Lübeck uko katikati. Ndivyo nilivyowaandikia. Zuhura ashuke na gari hadi bandari ya Rødby, avuke kwa feri dakika 45 mpaka Puttgarden upande wa Ujerumani, kisha barabara ya kilomita kama 90. Feri ile haina shida, huondoka kila nusu saa, usiku na mchana. (Chini ya bahari hapo wanajenga njia ya kilomita 18, shangazi alipoambiwa alisema yeye atabaki na feri.) Sisi wa Hamburg tukapanda RE8, treni ya kawaida ya mkoa. Mimi nina tiketi yangu ya mwezi, ile ya nchi nzima isiyokubaliwa kwenye treni za kasi za ICE. Juma na mchumba wake niliwakatia tiketi ya siku ya jimbo la Schleswig-Holstein, ambayo hubeba hadi watu watano na Hamburg imo. Jumamosi inafaa saa yoyote. Siku za kazi haianzi kabla ya saa tatu asubuhi, na ukipanda saa mbili na dakika 55 huna tofauti na asiye na tiketi. Majina ya wasafiri wote yaandikwe, la sivyo mkaguzi ana haki ya kuikataa.

Nilikuwa nimepanga kila nusu saa, kwa karatasi. Gari liachwe kwenye maegesho ya ukumbi wa muziki na mikutano, MuK, ng'ambo ya mto, maana mji wa kale ni kisiwa na vichochoro vyake havikujengwa kwa magari. Kutoka hapo ni hatua chache hadi Holstentor, lango la minara miwili lililojengwa kati ya 1464 na 1478. Minara imeinama kwa kuwa chini ni kinamasi. Zamani picha yake ilikuwa kwenye noti ya mark 50, pesa ya Ujerumani kabla ya euro. Juu ya lango, upande wa stesheni, pana maandishi ya Kilatini kwa rangi ya dhahabu: CONCORDIA DOMI FORIS PAX. Nikamfasiria shangazi: mapatano nyumbani, nje amani.

"Nyumbani kwa nani?" akauliza.

Nikacheka. Sasa ndiyo naona kwamba lilikuwa swali.

Kando ya lango yapo maghala sita ya chumvi, yamebanana kama watu kwenye benchi la daladala. Chumvi ilitoka Lüneburg, ikapakiwa hapa kwenda Skandinavia kuhifadhia samaki wa heringi, na heringi wakarudi kuuzwa bara, kwa Wakristo waliofunga nyama siku nyingi za mwaka. Nilidhani nitalazimika kueleza sana. Shangazi, mtu wa Tanga, akamaliza mwenyewe: "Kumbe utajiri wote huu ni ng'onda."

Kosa langu la kwanza lilikuwa njia. Kwenye ramani mji unaonekana bapa kama chapati, lakini kutoka langoni hadi sokoni ni mlima, na barabara nyingi za pembeni ni mawe ya mviringo yenye nafasi katikati. Fimbo ya kutembelea inazama humo. Viatu vya soli laini ya ngozi huteleza mvua ikinyesha, nayo ilinyesha. Mwenye mgonjwa wa magoti afuate ukingo wa barabara ambako huwa kuna vibao bapa, na aanze na kanisa la Petri, kwa sababu mnara wake una lifti: unapandishwa mita 50 na mji wote unauona ukiwa umesimama tu, minara ya makanisa mengine, maji pande zote. Mimi lifti niliiweka mwisho, saa kumi, goti likiwa limeshakasirika.

Ndani ya kanisa la Marienkirche nilitaka waone dari. Ni dari ya matofali, mita 38 na nusu kwenda juu, na duniani hakuna dari nyingine ya kuba ya matofali iliyo juu kuizidi. Shangazi hakuangalia juu. Alikwenda kukaa karibu na kengele zilizoanguka mnara ulipoungua katika mashambulizi ya ndege, usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi, Machi 1942. Ziko palepale zilipoangukia, zimepasuka.

"Mbona hawajaziokota?"

"Wameziacha makusudi, shangazi. Ukumbusho."

"Kwetu zingeshauzwa chuma chakavu." Akakaa nazo muda mrefu, nami nikitazama saa, kwa kuwa ratiba ilisema vichochoro.

Vichochoro vyenyewe ni kama 90 vilivyobaki. Matajiri wenye nyumba za mbele, barabarani, walijenga vibanda vya kupangisha nyuma ya nyumba zao, na njia ya kuingilia ikapitishwa chini ya nyumba ya mbele. Wenyeji husema kipimo chake kilikuwa jeneza: mradi lipite. Baadhi lazima uiname. Ukishapita unatokea uani kwa watu, vijumba vyeupe, maua ya waridi, baiskeli, nguo kwenye kamba. Watu wanaishi humo, ndiyo maana kuna vibao vya kuomba utulivu.

Shangazi alisimama mdomoni mwa kichochoro akagoma kuinama. Akaita: "Hodi!"

Watalii wawili wakageuka. Mimi nikaona haya, nikamwambia hapa hawabishi hodi, ni njia ya umma. Akaita tena, kwa sauti ileile ya kwetu barazani. Ndani mama mmoja aliyekuwa akimwagilia maua akainua kichwa, akasema "Moin", salamu ya huku kaskazini, akatupungia. Hapo shangazi akainama, akapita. Na upande wa pili ndipo alipoegemea ukuta na kuyasema yale. Kisha akaongeza, taratibu: "Umeniingiza kwa watu wasionijua. Kwako sijapaona."

Nikajibu: "Kwangu mbali, shangazi."

Zuhura, ambaye hana ubaya, akasema: "Si dakika 45 kwa treni?"

Chumba changu mnakijua. Mita za mraba 19, jiko ndani ya kabati, kitanda ndicho kiti. Nyumba ya shangazi ina baraza ambalo nililelewa juu yake. Sikumdanganya kuhusu Lübeck, mji ni mzuri kweli, ila niliutanguliza mbele kama matajiri wale walivyotanguliza nyumba zao.

Tukamalizia na marzipani. Chukueni maelezo haya maana niliulizwa: ile ya kawaida ya Lübeck ni sehemu 70 za lozi zilizosagwa na kutayarishwa na sukari kiasi, na sukari ya kuongeza isiyozidi 30, ile bora ni 90 kwa 10, na hiyo ndiyo ya zawadi. Someni viambato nyuma ya pakiti, nyingine zina pombe ndani. Shangazi alionja, akatafuna, akatoa hukumu: "Kashata iliyokataa kukauka." Akala tatu.

Kwenye maegesho alimwambia Zuhura afungue buti. Akatoa mkeka wa ukindu, umekunjwa na kufungwa kamba, ameubeba kutoka Tanga. "Nilitaka kuutandika mwenyewe," akasema, akanikabidhi.

Niliupakata kwenye treni hadi Hamburg, unagonga magoti ya watu. Nikaupima usiku uleule: upana sentimita 120. Kati ya kitanda na kabati zipo 110. Juzi nikaona kwamba nikiisogeza meza chini ya dirisha, kitanda kinapata nafasi ya kusogea, na mkeka unaenea wote, hata pembe hazijikunji. Nimeshakula juu yake mara mbili. Nikampigia simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umetandikwa?"

"Bado nakungoja."

Wanakuja Jumapili. Zuhura amekubali, na nimemwambia nitapika wali wa nazi na samaki, watu sita sakafuni, atakayekosa nafasi akae kitandani. Tangu jana nafagia huku naimba.

Ila pale mlangoni wamebandika karatasi: msomaji wa vipimo vya hita anakuja Jumanne, kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana. Usipokuwepo matumizi yako yanakadiriwa, na makadirio hayajawahi kumpendelea mpangaji. Mimi naingia zamu saa kumi na mbili asubuhi, na jirani ninayemwachiaga ufunguo yuko likizo mpaka Alhamisi ya wiki hiyohiyo.