Neno la kwenye keki

Jumamosi, usiku

Desemba sisi wapika keki hatulali. Kuna mahafali, kipaimara, sendofu, watoto wanaotimiza mwaka, na karibu kila oda inataka neno lilelile: "happy". Wakati mwingine hushawishi wateja niwaandikie "Heri ya kuzaliwa", lakini haienei kwenye keki ya kilo moja, na ikienea wanaitazama kama tangazo la parokiani.

Kinachosumbua ni zile p mbili. Unabana mfuko wa krimu, unashusha mkono taratibu, unaachia kabla krimu haijavutika. Mkia mmoja ukipita mwenzake, mteja ataona kasoro hiyo kabla hajaonja chochote.

Mchana amekuja mama mmoja kuchukua keki ya mama yake anayetimiza miaka 70. Ameitazama kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Dada, hilo la mwanzo lifute. Liache jina tu. Mwaka huu tumefiwa." Nikaikwangua "happy" kwa ncha ya kisu, nikasawazisha krimu, lakini wekundu wa rangi ulikuwa umeshaingia. Ikabidi nipige ua juu yake. Alilipa, akanishukuru, akaondoka ameishika keki kwa mikono miwili.

Hilo ndilo lililonifanya usiku huu nikae na kamusi badala ya kuosha vyombo.

Mzizi wa neno lenyewe ni "hap", nalo si la Kiingereza asilia. Limetokana na "happ" ya Waskandinavia wa kale, jamaa za wale Waviking waliouteka mji wa York mwaka 866 na kisha wakalowea kaskazini na mashariki mwa Uingereza. Maana yake ilikuwa bahati. Basi "happy" ilipoanza kuonekana katika maandishi ya karne ya 14, ilimtaja mtu mwenye bahati, aliyeangukiwa na jambo jema. Kuchangamka moyoni kulikuja baadaye, pengine kwa sababu aliyepata bahati huonekana usoni. Ndugu za neno hilo wamebaki kwenye ukoo wa zamani: "happen" ni kutukia, "perhaps" ni huenda, "mishap" ni balaa la ghafla. Yote ni mambo yanayokuja yenyewe, bila kuitwa.

Waingereza hawako peke yao. Mjerumani ana "Glück", na kwake bahati na furaha ni neno moja mpaka leo. Mwarabu naye ana saada, yaani furaha, iliyozaliwa tumbo moja na saad, ambayo ni bahati njema. Ndiyo sudi yetu, na ndiko walikotoka akina Saidi, Saada na Masudi waliojaa pwani nzima. Mjomba wangu mwenyewe ni Masudi, maana yake mwenye bahati, na sijawahi kumsikia akikiri kuwa nayo.

Halafu ukaja mwaka 1776. Thomas Jefferson alipoandika rasimu ya Tangazo la Uhuru wa Marekani, aliweka haki ya kuitafuta furaha sambamba na uhai na uhuru. Naelewa uzuri wake: mfalme asikuzuie kuhangaikia maisha yako. Lakini kitu kilichokuwa kinamwangukia mtu kikawa sasa cha kukimbiliwa, na cha kukimbiliwa ukikikosa, watu watauliza mbona hukukimbia vizuri. Siku hizi furaha ni kazi ya nyumbani. Amka mapema, shukuru, tabasamu, ondoa watu wenye mikosi maishani mwako! Mimi niko upande wa Waviking katika hili, pamoja na ukatili wao wote. Kwa maana yao, yule bibi wa miaka 70 hadaiwi furaha na mtu yeyote. Mwaka huu haikumwangukia, basi.

Kilichonichekesha ni neno lililotangulia. Kabla ya "happy", Mwingereza wa kale alikuwa na "gesælig", mwenye heri, mwenye furaha. Nalo lilitembea: kutoka mwenye heri likawa asiye na hatia, kisha wa kuhurumiwa, kisha dhaifu, na mwisho mpumbavu. Ndilo "silly" ya leo. Ningeliandika kwenye keki sasa hivi ningerudishiwa keki.

Wajerumani wana ndugu yake, "selig", na kwao bado ni mwenye heri. Wazee wao wakimtaja baba aliyekwisha kufariki walikuwa wakimwita hivyo hivyo, kama sisi tunavyomwita aliyetutoka marehemu, mwenye kurehemewa.