Trofimo aliachwa Mileto

Hii ilikuwa June 2014, Mbeya, na anayeijua Mbeya ya mwezi wa sita anajua baridi ninayoisema, ile ya kuamka asubuhi ukikuta maji ya kwenye ndoo yanauma mikono. Nilikuwa na miaka 23, naimba sauti ya pili kwenye kwaya, kitambaa kichwani, hereni hakuna, suruali sijawahi kuvaa tangu nipate akili, na sisemi hivi kwa kulalamika maana nilivipenda vyote, kanisa lile ndilo lilitulea. Baba alipofariki wazee wa kanisa ndio waliochimba kaburi, na mchungaji mwenyewe alituletea mchele na sabuni miezi minne mfululizo. Nalisema hili mapema kwa sababu mtu anaweza kusoma yanayofuata akadhani namsema adui yangu. Hapana. Nilimpenda yule baba, na naamini naye alimpenda mama yangu.

Mama ana sukari. Alikuwa anachoma insulini mara mbili kwa siku, yuniti 18 asubuhi na 10 jioni, na kwa vile hatukuwa na friji tuliitunza kama nesi wa kliniki alivyotufundisha, yaani chungu cha udongo, mchanga ndani, unaumwagia maji ubaki na unyevunyevu, chupa unaiweka kwenye kikopo katikati halafu unafunika. Kumwagia maji ilikuwa kazi yangu. Mpaka leo nikisikia harufu ya udongo uliolowa naukumbuka ule uvungu wa kitanda cha mama.

Sasa Ijumaa moja kwenye mkesha mchungaji akahubiri uponyaji, akasema huwezi kumshika Yesu kwa mkono mmoja na sindano kwa mkono mwingine, wenye dawa wazilete madhabahuni wazikabidhi. Mama akaenda. Nilimwona anapita mbele na mfuko mweusi wa nailoni, akina mama wanapiga vigelegele, na mimi, hapa ndipo panaponiuma kuliko pengine pote, nilikuwa kwenye kwaya nikaendelea kuimba. Tuliimba kwa nguvu sana usiku ule.

Jumatatu kiu ikaanza, anamaliza jagi zima la maji anaomba lingine. Jumanne anatapika, anahema harakaharaka, pumzi inanuka kama ndizi zilizoiva zikapitiliza. Namwambia mama twende hospitali, ananijibu nimeshapona mwanangu, huyu ni shetani tu anataka nirudi nyuma. Usiku ule akawa hanijibu tena. Jirani akatoa bajaji yake, tukamfunga khanga mbili tukambeba, kule nesi akamtoboa kidole akaweka tone la damu kwenye kipimo, na kipimo hakikuandika namba, kiliandika HI, herufi mbili tu. Nikauliza ndiyo nini, akasema sukari imepita pale mashine inapoweza kuhesabu. Halafu akaniuliza taratibu wala hakunigombeza, "Nani amemwachisha dawa?" Nikashindwa kutaja.

Alilazwa siku sita. Mimi nilikaa kwenye benchi na Biblia yangu ya Union, ile ya jalada jeusi, na sikuwa natafuta mstari wa kumshinda mtu, nilikuwa naogopa. Kama mama akifa ina maana imani ilipungua, sasa ilipungua ya nani, yake au yangu mimi niliyemleta hospitali? Usiku wa tatu nikafika 2 Timotheo sura ya 4. Sura hiyo naijua tangu utoto kwa ajili ya "nimevipiga vita vilivyo vizuri", inasomwa misibani mpaka watoto wanaikariri, ila kule mwisho wake hatufikagi. Mstari wa 20, "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi."

Nikaurudia kama mara kumi. Hawezi, yaani mgonjwa. Paulo huyuhuyu ambaye Matendo 19 inasema watu walikuwa wanapeleka leso zilizogusa mwili wake kwa wagonjwa na magonjwa yanatoka, amemwacha mwenzake wa safari anaumwa, na hasemi Trofimo alikosa imani wala ana dhambi ameficha, hasemi kitu, anapita tu kumwomba Timotheo ajitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi. Na mistari tisa tu juu yake anasema Luka peke yake ndiye yupo naye, Luka ambaye Wakolosai inamwita tabibu mpendwa! Nililia pale kwenye benchi mpaka mlinzi akaja kuuliza kama mgonjwa wangu amefariki.

Jumatano iliyofuata mama ameshatoka, nikaenda kwenye mafundisho ya jioni. Mchungaji alipomaliza akauliza nani ana swali, kawaida watu wanauliza vitu kama Kaini alimpata wapi mke. Nikasimama nikasema Bwana Yesu asifiwe, nikausoma mstari, nikauliza, "Mchungaji, Trofimo alikosa nini?"

Alifungua Biblia yake, nikaona anautafuta, anafunua mbele anarudi nyuma, na kusema kweli nilimhurumia. Halafu akasema, "Binti yangu, nyoka naye kwa Hawa alianza na swali." Watu wakasema amen, ila si wote. Nikajibu kwamba Waberoya waliyachunguza maandiko kila siku waone kama aliyosema Paulo ndivyo yalivyo, na Matendo 17 inawaita waungwana, haiwaiti waasi. Mzee mmoja akaniambia kaa chini. Nikakaa, magoti yanagongana.

Jumapili nikatangazwa mbele ya kanisa, nimesimamishwa huduma miezi sita, nina roho ya uasi. Joho la kwaya nililirudisha nimelifua na kulipiga pasi.

Baadaye nilisoma habari za hiyo insulini yenyewe, kwamba iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na Januari 1922 kijana wa miaka 14 akawa mgonjwa wa kwanza kuchomwa, kabla ya hapo mtu mwenye sukari kama yake alikuwa ananyimwa chakula ili asogeze siku tu, na wale wagunduzi walikiuzia haki zao chuo kikuu cha pale kwa dola moja moja. Naambiwa mkono wa Mungu haupo hapo. Nimeshindwa kuamini hivyo.

Lakini aliyenitesa zaidi hakuwa mchungaji, alikuwa mama. Wiki mbili nzima ananijibu kwa mkato, na siku moja akanitamkia, "Umemwaibisha mtu aliyemzika baba yako." Sikuwa na jibu kwa sababu ni kweli alimzika. Chupa mpya ya insulini niliiweka mwenyewe kwenye chungu, yeye anachoma kimya, hanitazami.

Asubuhi moja nimepiga magoti uvunguni naangalia mchanga, akasema kutoka kitandani, "Nisomee ule mstari wako." Nikamsomea.

"Huyo Trofimo, baadaye alipona?"

Nikamwambia Biblia haisemi, mama.

Akakaa kimya muda mrefu, ameshika sindano. Halafu akasema, "Mchanga umekauka huo, mwagia maji."