Dawa ya jino ni kung'oa?

Juzi binti yangu alinipanulia kinywa nimwone gego jipya, la nyuma kabisa taya la chini. "Likioza litaota jingine?" Nikamwambia hilo ndilo la kudumu. Hutoka mtoto akiwa na miaka kama 6, nyuma ya meno ya utoto, bila kung'oa lolote, basi watu hulidhania la utoto na kulidharau. Mimi ndilo lililonikesha.

Dada alikuwa ameshatoa hukumu: "Dawa ya jino ni kung'oa, mdogo wangu. Kapandikizwe jipya upumzike." Nilikwenda nimeshakubali.

Daktari aligonga meno yangu moja baada ya jingine kwa mpini wa kioo chake, taratibu, kama mgeni anayebisha hodi. Alipofika kwenye lile gego niliruka kitini. Akanionyesha picha ya eksirei: mizizi miwili, na kwenye ncha ya mmoja wao kivuli cheusi. Hapo mfupa ulikuwa umeliwa. Kisha akachukua kichuma chembamba, akakipitisha kati ya jino na ufizi, hatua kwa hatua, kulizunguka lote. Alikuwa anatafuta ufa. Ufa ukishateremka mzizini hakuna mjadala, jino linatoka. Nilikodolea macho nyusi zake, maana mdomo aliufunika kwa barakoa.

Kichuma hakikuzama popote.

"Ukitaka ning'oe, nang'oa," akasema. "Ila jino la kupandikiza husimama juu ya skrubu ya titani, nayo hugandana na mfupa moja kwa moja. Jino lako limeshikwa na nyuzi, ndiyo maana ukiuma hata unywele unausikia."

Sikumbuki lini nimewahi kutafuna unywele, lakini ghafla sikutaka kuupoteza uwezo huo. Nikasema atibu mzizi.

Yaliyobaki yalikwenda upesi: ganzi, visindano vya kukwangua mifereji, harufu ya dawa ya kung'arishia nguo, baadaye kofia juu ya jino.

Dada anasema nimeivika maiti kofia. Nimemweleza kwamba kilichotolewa ni kiini cha ndani, zile nyuzi ziko nje ya mzizi na bado zi hai. Anacheka tu. Huenda ana haki ya kucheka: kwenye picha ya mwisho kivuli kimepungua, hakijaisha, na daktari ameniambia nirudi tena aangalie.