Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya programu huria Mwanza

Saa 11 alfajiri
Naanza na flashi. Mafaili ya Debian na Linux Mint, mifumo huria ya kuendeshea kompyuta ya jamii ya Linux, niliyashusha usiku, bando likiwa nafuu, na sasa nalinganisha alama zake za SHA256, zinazoonyesha kama faili ni zima, na zile walizotoa watengenezaji wenyewe. Mtu aliyetoka Musoma au Shinyanga kwa nauli yake hastahili kuambiwa saa tano kwamba faili lilishuka nusu. Leo ni tarehe 20 Septemba 2025, Jumamosi ya tatu ya mwezi, siku inayoadhimishwa duniani tangu 2004 kwa ajili ya programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzigawa na kuzibadilisha. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunakutana hapa Mwanza. Kiingilio hakuna, chakula tunachangishana.

Saa 2 asubuhi
Darasa la kuazima, meza, waya za ekstensheni, na ruta isiyo na intaneti. Kompyuta moja iliyounganishwa nayo imehifadhi vifurushi vya programu vinavyohitajika zaidi, hivyo watu wote wanasakinisha, yaani wanaweka mfumo mpya kwenye mashine zao, bila kugusa bando. Wa Sengerema wamefika kabla ya wenyeji. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni, hawasubiri tena kivuko.

Saa 3 hadi saa 7
Meza ya kusakinisha ndiyo moyo wa siku. Wengi wamekuja kwa sababu msaada wa kawaida wa Windows 10 unakoma tarehe 14 Oktoba, na mashine zao hazina TPM 2.0, chipu ya usalama inayodaiwa na Windows 11. Wameambiwa wanunue nyingine. Mashine inayowaka, yenye kioo kizima na kibodi nzima, mimi siiiti mbovu.

“Shikamoo, mwalimu.”
“Marahaba, mwanangu. Hii bado itafaa?”

Ni laptopu ya shule, RAM ya GB 2, prosesa ya biti 32, aina ya zamani. Debian 13, iliyotoka Agosti, haina tena kisakinishi cha biti 32. Debian 12 inacho, na bado inapata marekebisho ya usalama. Tunachagua hiyo pamoja na Xfce, mwonekano wa skrini usioilemea mashine. Kwanza mitihani yake inakwenda kwenye diski ya nje, tena tunaifungua hukohuko kuhakikisha inasomeka. Ndipo tunagusa mfumo.

Meza yetu ina sheria moja: mwenye mashine ndiye anayebonyeza. Mimi nakaa pembeni, mikono mapajani, hata pale anapotafuta kwa dakika nzima kitufe cha F12, cha kuiwasha mashine kutoka kwenye flashi. Nikimfanyia, ataondoka na Linux asiyoweza kuirudia, na mashine ikigoma ataona Linux ndiyo mbaya. Wi-Fi imegoma, kadi ni ya Broadcom. Anaunganisha simu yake kwa waya wa USB, anaandika amri mwenyewe, na kiendeshi, programu inayoiendesha kadi hiyo, kinaingia.

Dada mmoja anatunza hesabu za duka kwa programu inayokubali Windows pekee. Kwake tunaacha mifumo yote miwili, Windows na Linux, kwenye mashine moja. Uhuru wa kuchagua ni pamoja na kutopoteza kazi yako.

Saa 8 mchana
Ugali na sato. Mabishano ya Vim na Emacs, programu mbili za kuandikia msimbo na matini, yanaendelea mezani, na nayapenda.

Saa 9 alasiri
OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Picha ya setilaiti inaonyesha paa, haisemi kama ni zahanati au ghala la dagaa. Wanafunzi wanachora, na mama anayeuza samaki Kirumba anawatajia kila jengo. Ndivyo walivyofanya watu wa mradi wa Ramani Huria jijini Dar es Salaam kuanzia 2015, wanafunzi na wakazi pamoja, kwenye mitaa inayofurika.

Saa 11 jioni
Mazungumzo ya tafsiri. Mwishoni mwa 2004 timu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kila toleo jipya huja na maneno mapya, kwa hiyo tafsiri isiyo na watu huchakaa. Vijana kadhaa wamejiandikisha kutafsiri LibreOffice, programu huria ya ofisi iliyotokana na OpenOffice. Nitawafuatilia.

Saa 1 usiku
Tunakunja waya. Mwalimu ameondoka na flashi mbili, ya biti 32 na ya 64. Kompyuta zilizobaki shuleni ataanza kuzisakinisha Jumatatu na kidato cha tatu, wanafunzi wakibonyeza. Mimi nitakuwa kwenye simu wakikwama.